CD ya The Celts ya Enya, nimekaa nayo miezi miwili

Mi Enya nimemjulia mlango wa nyuma. Mnaukumbuka I Don't Wanna Know ya Mario Winans na P. Diddy, 2004, ilivyokua inapigwa kwenye daladala mpaka konda anaitikia? Ule mguno wa chini chini unaozunguka wimbo mzima, miaka yote nlijua ni kinanda tu, kumbe ni sauti ya Enya, mdada wa Ireland, na kundi la Fugees walishaichukua kabla kwenye Ready or Not 1996 bila hata kuomba ruhusa, wakaja kumalizana nae baadae. Kwa Winans ndo jina lake likawekwa kabisa. Mguno wenyewe unaitwa Boadicea, upo humu namba 12, basi nkaagiza.

Nimechukua kwa jamaa mmoja anauza used mtandaoni, elfu 15 na boda juu yangu. Kaandika "haina mkwaruzo hata mmoja". Kufungua, kasha limepasuka kona, na mgongoni mwa CD kuna mstari kama mtu kapitisha ufunguo. Sikurudisha, nlikua na hamu nayo.

Albamu ilitoka 1987 ikiitwa Enya tu, 1992 ndo wakaitoa upya kwa jina la kipindi cha BBC ambacho miziki hii ilitungiwa, kuhusu historia ya Wakelti, watu wa kale wa Ulaya. Na inajionyesha, kuna vipande vifupi hata hujanogewa kimekata, unaona kabisa hiki kilikua cha kupita nyuma ya picha za TV. Hapo nimemkata maksi.

Ila sauti jamani. Nlivyovaa hedifoni usiku umeme umetulia, nkadhani kuna kwaya nzima, kumbe ni yeye peke yake anaimba mstari uleule mara nyingi nyingi afu zinapangwa moja juu ya nyingine. Hiyo akili ya Nicky Ryan, prodyuza wake, mke wa Nicky anaitwa Roma ndo alikua anaandika mashairi, Enya anatunga muziki, ndo hao watatu walianza hivyo walipotoka Clannad 1982. Clannad ni bendi ya ndugu zake, wametokea Gweedore kule Donegal ambako Kiairishi ndo lugha ya nyumbani, mama yao mwalimu wa muziki. Sasa na upangaji huo wa sauti utampeleka vipi jukwaani? Hajawahi kufanya ziara ya shoo zake mwenyewe na bado anauza mamilioni.

Maneno sielewi hata moja pale anapoimba Kiairishi, hilo halinisumbui, sisi tumekulia Lingala na tunalia nayo. Ninachokipenda zaidi ni The Sun in the Stream, mle kuna zumari yao ya mfuko, inalia kama mtu anajikaza asilie. Shemeji yenu yeye kaingia chumbani akauliza nani kafariki.

Kama hujawahi kumsikia kabisa anza na Watermark ya 1988, ile imekaa kama albamu kweli. Hii ni ya mtu anaetaka kujua alianzaje. Nampa nne kwa tano, muuzaji moja. Ule mkwaruzo uko namba 14, Dan y Dŵr, ya Kiwelshi, inafika katikati inaanza kugonga tak tak tak, mpaka leo sijui inaishaje.