Daluga za mtumba Mlango Mmoja: kiungo mgeni anunue zipi

Kiungo anayehama nchi anahama na viwanja pia. Khalid Aucho, mzaliwa wa Jinja, ng'ambo ya Ziwa Victoria letu hili, alishacheza Kenya, Afrika Kusini, Serbia, India na Misri kabla ya kutua Yanga mwaka 2021. Mganda, Mrundi au Mkongomani anayefika Mwanza kufanya majaribio na jozi moja begani atahitaji nyingine haraka, na soko la Mlango Mmoja ndilo la kuanzia. Kwa pesa ya kiatu kipya feki, hapa unapata mtumba halisi.

Ila ujue unanunulia uwanja gani. CCM Kirumba ni nyasi za asili, Nyamagana ni nyasi bandia, na viwanja vingi vya mitaani ni udongo mkavu wenye changarawe. Soma alama chini ya soli au kwenye ulimi. FG ni ya nyasi za asili zilizo kavu. SG, yenye meno ya chuma ya kufungua, ni ya uwanja uliolowa. Usiipeleke Nyamagana wala kwenye changarawe. AG ina meno mengi mafupi kwa ajili ya nyasi bandia, na TF ina vimeno vidogo vya mpira vinavyovumilia hata udongo.

Nyingi utakazokuta ni FG, na hapo ndipo namba sita, kiungo mkabaji, anapoumia. Kazi yake ni kugeuka: anapokea mpira akiwa ameipa mgongo goli la wapinzani, anazunguka, anatoa pasi. Akivaa FG yenye meno bapa kwenye nyasi bandia, meno yananasa, mwili unageuka, mguu unabaki, na kano za goti ndizo zinazolipa. Kama AG haipo, chukua TF. Hata kwa Kirumba, kiungo achague meno ya duara; meno bapa awaachie mawinga wanaokimbia mstari mmoja.

Kabla ya kutaja bei, futa kiatu kwa kitambaa kibichi, maana rangi ya kupaka huficha nyufa. Kikunje mbele kwa mikono miwili: ufa ukijitokeza kati ya meno ya mbele, kirudishe, kitakatikia hapo hapo. Bonyeza ukingo wa soli kwa kucha. Ukimomonyoka kama unga, soli imezeeka stoo na hakuna fundi atakayeiokoa. Meno yaliyolika upande mmoja yanalaza kifundo cha mguu. Na namba usiiamini kwa macho, kwani 8 ya Uingereza si 8 ya Marekani. Vaa na soksi ya mechi.

Soli iliyoachia tu, yenyewe ikiwa nzima, isikutishe. Fundi aikwangue kwa msasa pande zote mbili, apake gundi, asubiri ikauke kidogo hadi inate bila kulowesha kidole, ndipo abane. Kisha ashone kwa uzi wa nailoni ukingoni, uzi ukizama ndani ya mfereji. Ukibaki juu, changarawe itaukata. Ipumzike siku nzima kabla ya mazoezi.

Kasoro kubwa ya soko ni kwamba ukishalipa hakuna kurudisha, na AG ni za kubahatisha. Wahi asubuhi robota linapofunguliwa.