Simu za Ofisi Mwanza: Chagua Laini Kabla ya Mtambo

Wateja wangu wengi huanza na mtambo, yaani kile kifaa (PBX) kinachogawa simu za nje kwa simu za mezani ofisini: "Fundi, ninunue upi?" Nami huwauliza: saa nne asubuhi, watu wangapi ofisini kwako huwa wanaongea na watu wa nje kwa wakati mmoja? Ofisi ya watu kumi mara nyingi haizidi wanne. Ukishapata hesabu hiyo, laini inajichagua yenyewe, na mtambo unafuata laini.

Kama mkongo umeshafika mlangoni kwako, usihangaike: namba moja ni laini za SIP, yaani laini za simu zinazopita kwenye intaneti. Simu moja kwa kodeki ya G.711 (njia ya kugeuza sauti kuwa data) hula kama kilobiti 90 kwa sekunde kila upande, kwa hiyo simu nne hazifiki hata nusu megabiti. Tenga hela ya UPS ya ruta na ya kile kiboksi cha mkongo, maana umeme ukikatika ofisi nzima inakuwa bubu. Ukisikika wewe tu na mteja humsikii, kagua kwanza kama ruta imewashwa SIP ALG, mpangilio unaoingilia data za simu za SIP, uizime. Na tafadhali, neno la siri la mtambo lisiwe 1234. Wezi hupigia nje ya nchi usiku kucha, asubuhi bili ni yako.

Namba mbili ni getiwei ya GSM, kile kifaa unachochomeka kadi za simu za kawaida kisha ukakiunganisha na mtambo. Kwa aliyeko Ukerewe au Sengerema na hana mkongo, kwake hii ndiyo namba moja. Sajili kadi kwa jina la kampuni, si la karani atakayeacha kazi mwakani. Antena iweke karibu na dirisha. Nimewahi kuikuta ndani ya kabati la chuma, mwenye nayo analaumu mtandao. Itumie kwa simu zako tu. Ukianza kupitishia watu simu za kimataifa kwa mlango wa nyuma, hilo ni kosa la jinai.

E1, laini ya kidijitali ya kampuni ya simu, ina chaneli 30, yaani simu 30 kwa wakati mmoja. Hospitali kubwa sawa, wewe wa duka la nyavu acha.

Mwisho kabisa naweka waya wa shaba, na sababu ni radi. Ukanda huu wa ziwa ni kati ya sehemu zenye radi nyingi duniani, na waya mrefu wa nguzoni huileta hadi mezani. Mwaka mmoja, mwezi wa Aprili, niliitwa Kirumba: kadi ya laini nne ya mtambo imeungua, tundu moja jeusi kama jiko la mkaa. Kinga ya radi haikuwepo, na waya wa ardhi uliishia hewani nyuma ya meza. Sifa moja ya waya wa shaba ni kwamba simu ya kawaida hupata umeme wake, volti 48 hivi, kutoka kituo cha simu, hivyo TANESCO wakikata bado inalia. Kwa hiyo bakiza laini moja mapokezi.

Ukinunua mtambo wa laini hiyo ya shaba, taka tundu la FXO, linalopokea laini ya nje. FXS ni la kulishia simu ya mezani, na wauzaji huyachanganya. Kabla hujamlipa fundi, piga namba ya ofisi kwa simu yako ya mkononi, ipokelewe, kisha ukate wewe. Taa ya laini isipozimika ndani ya sekunde chache, mtambo haujui kwamba umekata, na laini hiyo inaweza kushikiliwa hadi asubuhi. Mwambie arekebishe utambuzi wa mlio wa kukatika kwanza, hela baadaye.