Kabla ya Kununua Skana, Uliza Kwanza Draiva Yake

Skana niliyoinunua miaka minne iliyopita bado inawaka taa, na kioo chake hakina hata mkwaruzo mmoja, lakini haijasoma karatasi yoyote tangu nilipobadilisha kompyuta, kwa sababu mtengenezaji hakutoa draiva nyingine, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa, baada ya ile ya kwanza. Nilipomwandikia, alinishauri ninunue modeli mpya. Kwa hiyo sitazungumzia hapa idadi ya nukta kwa inchi wala kasi ya kurasa kwa dakika, mambo ambayo muuzaji yeyote atakusomea kutoka kwenye boksi. Nitazungumzia namna skana na kompyuta zinavyoelewana.

Nafasi ya kwanza naipa skana yoyote inayotumia eSCL, utaratibu wa pamoja wa kuskani kupitia mtandao, ambao Apple huuita AirScan. Hapa draiva ya mtengenezaji haihitajiki: kompyuta huipelekea skana ombi la HTTP, kama lile la kufungua ukurasa wa wavuti, lenye maelezo ya XML (maandishi yaliyopangwa ili mashine iyasome) kuhusu ukubwa wa ukurasa, rangi na ubora unaotakiwa, nayo skana hurudisha picha ya JPEG au faili la PDF. macOS na Windows 11 zinauelewa utaratibu huo, na Linux vilevile kupitia programu ya sane-airscan, hivyo hata mtengenezaji akiitelekeza modeli yako, una njia ya kuendelea kuitumia.

Nafasi ya pili ni ya skana zenye draiva za viwango vinavyojulikana, na hapa ndipo wanunuzi wengi hunaswa. TWAIN, iliyotolewa mwaka 1992, ni makubaliano kati ya programu na draiva: programu huita msimamizi wa TWAIN, naye hupakia draiva ya skana ndani ya programu hiyohiyo. Kwa kuwa draiva huingia ndani ya programu, ile ya biti 32 (muundo wa zamani wa programu) haiwezi kupakiwa na programu ya biti 64 (muundo wa sasa), na matokeo yake skana huonekana kwenye programu moja na kutoweka kwenye nyingine katika kompyuta ileile, huku mwenyewe akihangaika kubadilisha kebo ambazo hazina kosa lolote. Boksi litaandika TWAIN kwa herufi kubwa na kunyamaza kuhusu biti. Kwa maoni yangu, kasoro hiyo moja inatosha kumfanya mtu aiache skana dukani. WIA, kiwango cha Microsoft kilichokuja na Windows Me mwaka 2000, huendeshwa kama huduma ya Windows yenyewe na hukwepa mtego huo, ingawa mara nyingi hukupa mipangilio michache zaidi. Mtumiaji wa Linux na atazame orodha ya SANE, mradi wa draiva huria za skana, inayozipanga modeli kuanzia zinazofanya kazi kikamilifu hadi zisizofanya kazi kabisa.

Katika kundi hili napendelea Brother, na sifichi. Skana zake za mfululizo wa ADS zimetengenezewa draiva za Windows, macOS na Linux, na kwa mtu aliyewahi kuachwa na kifaa kizima kisichozungumza na kompyuta yake, jambo hilo lina uzito kuliko kasi.

Skana za bei nafuu zinazotegemea programu moja ya mtengenezaji, bila TWAIN wala WIA, naziweka mwisho. Ukiwa tayari unayo ya namna hiyo, jaribu VueScan, programu ya kulipia yenye draiva zake yenyewe kwa maelfu ya skana, zikiwemo za zamani. Yangu kwa bahati mbaya haimo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba tunatozwa bei kamili ya kifaa ambacho uhai wake unategemea faili dogo lisilotajwa popote kwenye tangazo. Muuzaji niliyemuuliza kama draiva ni ya biti 64 alinijibu kwamba skana ni ya USB, kana kwamba umbo la kebo ndilo jibu. Tangu siku hiyo hufungua mwenyewe ukurasa wa draiva wa modeli ninayoitaka na kutazama tarehe ya toleo la mwisho kabla sijatoa pesa.