Tathmini ya mkutano wa hadhara kuhusu ujazo wa makazi: maelezo mazuri, wasikilizwaji wachache

Nimehudhuria mkutano ulioitishwa na halmashauri ya jiji ili kupokea maoni kuhusu pendekezo la kuupandisha mtaa wetu kutoka ujazo mdogo, unaoruhusu nyumba moja ya familia moja katika kila kiwanja, hadi ujazo wa kati, unaoruhusu majengo ya ghorofa nne yenye makazi kadhaa. Huduma hii hulipiwa kwa kodi zetu na uamuzi unaotokana nayo hudumu kwa miongo, kwa hiyo inastahili kupimwa kwa makini kama huduma nyingine yoyote.

Nianze na lililofanywa vizuri. Maofisa wa mipango miji walileta ramani inayosomeka, wakaeleza kwa subira jinsi masharti ya ujenzi yanavyofungamana: urefu wa jengo, umbali wake kutoka mpaka wa kiwanja, sehemu ya kiwanja inayoweza kufunikwa na idadi ya maegesho. Mmoja wao alionyesha kwa mchoro kwamba jengo la ghorofa nne linaweza kuruhusiwa katika ramani na bado lisiwezekane kujengwa, kwa sababu sharti la maegesho hula sehemu yote ya chini na umbali wa lazima kutoka mipakani hubakisha kipande chembamba kisichotosha hata ngazi. Maelezo hayo peke yake yalifaa kuhudhuriwa, kwani watu wengi hubishana juu ya idadi ya ghorofa ilhali kinachoamua ni masharti madogo ambayo hakuna anayeyasoma.

Kasoro kubwa ipo katika namna watu wanavyoalikwa. Taarifa ilitumwa kwa wamiliki wa viwanja vya jirani, lakini wapangaji wanaoishi katika viwanja hivyo hivyo hawakutumiwa chochote, na mkutano ukawekwa saa za kazi. Matokeo yake yalionekana ukumbini: waliosimama kuzungumza walikuwa karibu wote wenye nyumba wa muda mrefu, na karibu wote walipinga. Tatizo hili si la jiji letu tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston waliochambua kumbukumbu za mikutano ya aina hii katika jimbo la Massachusetts, Marekani, waliona kwamba wasemaji huwa na umri mkubwa zaidi na huelekea zaidi kuwa wenye nyumba kuliko wapiga kura wengine wa miji yao, na kwamba walio wengi hupinga ujenzi mpya. Tena yupo mtu ambaye hawezi kualikwa kabisa, naye ni yule ambaye angehamia katika makazi hayo kama yangejengwa. Halmashauri inayohesabu mikono ukumbini na kuiita sauti ya wananchi inamwacha nje mwenye haja kubwa kuliko wote, na jambo hili linaniuma.

Hata hivyo, sikubali kwamba wapinzani wote ni wachoyo. Mama mmoja aliuliza kama mabomba ya maji taka yatahimili, na jibu alilopewa lilikuwa hafifu mno. Mwingine akauliza wapangaji wa sasa watakwenda wapi thamani ya ardhi itakapopanda na nyumba zao kubomolewa, naye hakujibiwa kabisa. Maswali hayo yalistahili takwimu na ahadi ya maandishi. Hoja moja tu iliachwa ipite bila kusahihishwa, nayo ni kwamba kujenga zaidi hupandisha kodi za pango katika jiji zima. Jiji la Auckland, New Zealand, lilipandisha ujazo katika takriban robo tatu ya ardhi lake la makazi mwaka 2016, vibali vya nyumba zilizoungana vikaongezeka sana, na utafiti wa Chuo Kikuu cha Auckland umekadiria kwamba bila mabadiliko hayo kodi za pango zingekuwa juu zaidi.

Ningependa pia mjadala huu ufanyike mapema zaidi, mpango wa jiji zima unapoandikwa, badala ya kurudiwa mtaa kwa mtaa. Nchini Japani aina 13 za kanda, yaani maeneo yenye masharti yake ya matumizi ya ardhi na ujenzi, zimewekwa na sheria ya taifa, na kwa kawaida mwenye kiwanja anayetimiza masharti ya kanda yake hupata kibali bila kuomba ridhaa ya majirani. Utaratibu huo huwapa wakazi nafasi ya kusema kuhusu kanuni, na humwondolea mjenzi hofu ya kukataliwa akiwa amekwisha kugharimia michoro.

Naipa huduma hii nyota tatu kati ya tano: nne kwa maofisa na maelezo yao, mbili kwa mwaliko na saa ya mkutano. Kabla ya kikao kijacho, taarifa ifikishwe katika kila mlango, awe anaishi mwenye nyumba au mpangaji, maoni ya maandishi yapewe uzito sawa na ya mdomo, na idara ya maji taka ije na hesabu zake.