Krismasi Chomboni, Kutoka Msasani Hadi Mbudya: Tathmini ya Boti ya Matanga ya Kukodi

Familia yetu ilikodi boti ya matanga yenye vitanda, jiko na choo, ikala sikukuu ya Krismasi humo humo majini, kwanza katika ghuba ya Msasani, Dar es Salaam, na baadaye pembeni mwa kisiwa cha Mbudya. Tathmini hii inahusu huduma hiyo: chombo, nahodha, chakula na vifaa vya usalama. Jina la kampuni sitalitaja, kwa sababu lipo jambo moja zito ambalo ningependa kila anayekodisha vyombo vya baharini alisome kama linamhusu yeye. Hukumu yangu ni kwamba thamani ya huduma hii haiko kwenye mito ya viti wala kwenye mng'aro wa boti, bali iko kwa nahodha, na mteja atakayekubali kwamba ratiba ya sikukuu hupangwa na maji na upepo atapata zaidi ya alicholipia.

Desemba kaskazi huwa imeshaanza kuvuma. Ndiyo pepo iliyokuwa ikiyaleta majahazi kutoka Uarabuni hadi pwani yetu, kabla ya kusi kuyarudisha kwao miezi kadhaa baadaye. Kwa anayelala chomboni kaskazi ni neema, kwa kuwa huingia kwenye vidirisha vya sitahani na kupunguza fukuto la vyumbani, lakini pia huinua mawimbi katika ghuba ya Msasani, ambayo mdomo wake umeelekea kaskazini. Nahodha wetu alitueleza haya kabla hatujapanda, akasema wazi kwamba usiku wa Msasani tungetikisika kidogo na kwamba utulivu ungepatikana Mbudya, upande wa kisiwa unaotazama bara, ambako kisiwa chenyewe hukinga upepo. Yote mawili yalitokea kama alivyosema.

Uhodari wake niliuona zaidi katika kutia nanga. Mbudya, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, ni maeneo tengefu ya bahari tangu mwaka 1975, na nanga inayotupwa juu ya matumbawe huvunja kwa dakika moja kile kilichokua kwa miaka mingi. Alimweka baharia omo, yaani mbele kabisa ya chombo, achungulie maji hadi ilipoonekana sehemu ya mchanga mtupu, ndipo akaamuru nanga iteremshwe, na mnyororo akauachia kwa hesabu ya kina cha maji yaliyojaa, si kina tulichokikuta. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama au ukiwa mpevu, maji ya Dar es Salaam hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo mnyororo unaotosha maji yakiwa yametoka unaweza kuwa mfupi mno yakijaa. Kisha alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya mnyororo uliokaza na kukiacha hapo kwa muda mrefu bila kuzungumza. Nilipomuuliza alinijibu, "Mama, nanga ikiburura, mnyororo hutetemeka kama gari kwenye barabara ya kokoto, ukitulia mkononi, imeshika." Baada ya hapo alichagua mbuyu mmoja kisiwani na mwamba ulio mbele yake, akatuonyesha kwamba vitu hivyo viwili vikiendelea kupangana kwenye mstari mmoja basi boti haijahama. Watoto waliifanya kazi hiyo ya ulinzi hadi giza lilipoingia.

Mapambo nayo yalitufunza jambo. Tulikuja na tawi la mvinje tulilolikata nyumbani, kwa sababu visiwani hairuhusiwi kukata chochote, na tukaja na taa ndogo za kumetameta za rangi nyekundu, kijani na nyeupe. Tawi lilifungwa kwenye mlingoti bila tatizo. Taa, hata hivyo, nahodha alizikataa kwa nje, akaziruhusu chumbani tu, na sababu yake ilikuwa nzuri: chombo kilichotia nanga usiku hutakiwa kuonyesha taa moja nyeupe inayoonekana pande zote, ilhali nyekundu na kijani ni taa za ubavu wa kushoto na wa kulia za chombo kinachotembea. Mvuvi mwenye ngalawa anayepita saa nane za usiku akiziona ubavuni mwetu angedhani tunasafiri, na pengine angetupisha upande usiofaa. Tulizitandika juu ya meza ya ndani, zikitumia umeme wa betri zinazochajiwa na paneli za sola, na chumba kilipendeza kweli kweli.

Chakula kinastahili sifa kubwa. Samaki tulinunua wenyewe soko la Feri asubuhi ya tarehe 24, mnada ulipokuwa bado umechangamka, na nashauri kila atakayekodi chombo afanye hivyo hivyo: changu na kolekole wa pale, wakiwekwa kwenye deli lenye barafu iliyopondwa, hufika siku ya pili wakiwa na macho maangavu. Nyama ya mbuzi ilichemshwa nyumbani, kwa kuwa gesi na maji ya chomboni si vya kuchezea. Mpishi alipika pilau kwenye jiko lililoning'inizwa ili libaki wima hata boti ikilala ubavu, sufuria ikiwa imebanwa kwa vyuma viwili. Makaa hayaruhusiwi ndani ya boti ya faiba, kwa hiyo pilau ile haikupaliwa moto juu ya mfuniko kama tulivyozoea sikukuuni. Badala yake aliweka kikaango kizito chini ya sufuria, akapunguza moto hadi ukabaki ukingo wa samawati tu, akafunika na kusubiri. Wali ulichambuka punje moja moja, na mama mkwe wangu, ambaye hasifu pilau ya mtu kwa urahisi, aliomba sahani ya pili. Kila baada ya kupika, mpishi alifunga koki ya mtungi uliohifadhiwa kwenye kasha la nje, kwani gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, mahali ambapo cheche moja inatosha kuleta maafa. Samaki tuliwachoma ufukweni Mbudya, kwenye mabanda yanayochoma samaki kwa wageni.

Tulitaka pia kusali, na hili lilipangwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Siku za bamvua, maji ya hapa kwetu hutoka karibu saa nne, asubuhi na usiku, na ufukwe wa ndani wa ghuba ya Msasani hubaki tope kwa umbali mrefu. Kwa hiyo nahodha alitushusha kwa boti ya mpira jioni, maji yakiwa bado ya kutosha, tukaenda misa ya mkesha Oysterbay, na kurudi alituchukua kwenye gati lenye kina badala ya kutuacha tuvue viatu na kukanyaga matope usiku na nguo za kanisani. Yeye ni Mwislamu, na alipotupokea alitupa mkono wa heri mmoja mmoja, akaanza na mama mkwe kwa "Shikamoo, Bibi." Asubuhi yake tuling'oa nanga kuelekea Mbudya, upepo ukitushika ubavu wa kulia, injini ikiwa imezimwa.

Maji ya kuogea yalikuwa udhaifu wa kwanza. Tuliambiwa tangi limejaa, lakini hapakuwa na kipimo chochote cha kuonyesha kilichobaki, na mfereji ulikauka siku ya Krismasi yenyewe tukiwa na vyombo vya pilau bado havijaoshwa. Tuliviosha kwa maji ya bahari, tukavisuuza kwa maji ya chupa. Ni kero, si hatari.

Hatari ilikuwa kwenye jaketi za kuokolea maisha. Kwenye simu, kampuni ilinihakikishia kwamba zipo za umri wote. Tulipofika gatini tulikuta zote ni za watu wazima. Mtoto mdogo akivaa jaketi kubwa na kuanguka majini, jaketi hupanda juu likavuka kichwa naye akateleza chini, na huko ni sawa na kutovaa kabisa. Nahodha alikataa kuondoka hadi zilipoazimwa za watoto kutoka chombo kingine, tukachelewa sana, nami namshukuru kwa kila dakika ya kuchelewa kule. Lakini usalama wa watoto hauwezi kuachiwa msimamo wa mfanyakazi mmoja mwadilifu; ni wajibu wa anayepokea fedha. Kabla ya kulipa, mteja aombe kuonyeshwa cheti cha usalama wa chombo kinachosimamiwa na TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, kisha aombe jaketi zitolewe kabatini na kila mtoto avalishwe lake hapo hapo. Aulize vilevile kama nahodha amesoma utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kwa kuwa mvua za vuli wakati mwingine huchelewa kukoma, na dhoruba fupi yenye upepo mkali si jambo la ajabu Desemba.

Bei hutozwa kwa chombo kizima, hivyo familia kubwa hupata nafuu kuliko wawili, lakini kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa kila mtu na hakikuwamo kwenye bei tuliyotajiwa. Kwa mwenye mzee aliye na magoti mabovu kama mama mkwe wangu, aulize mapema kama boti ina ngazi ya nyuma yenye vikanyagio vipana, na ikiwezekana mzee mwenyewe aijaribu chombo kikiwa bado gatini, maana kushuka kwenye boti ya mpira inayopanda na kushuka na wimbi ndiyo kazi iliyomchosha kuliko zote.