Prometheus na Grafana ndani ya makontena: tathmini ya mfumo wa kufuatilia seva

Ofisi yenye seva tatu au nne na fundi mmoja wa kompyuta huhitaji kujua mambo machache tu: diski ipi inakaribia kujaa, mashine ipi imezidiwa, na huduma ipi imezimika kabla watumiaji hawajaanza kupiga simu. Kwa kazi hiyo, programu mbili za bure hutajwa pamoja kila mara: Prometheus, ambayo hukusanya na kuhifadhi vipimo, na Grafana, ambayo huvichora kwenye dashibodi. Tathmini hii inazihusu zikiwa zimesimikwa kwenye seva moja ya Linux kwa Docker Compose, zana inayowasha kwa pamoja programu kadhaa, kila moja ndani ya kontena lake, yaani chumba kilichotengwa na mashine nyingine, pamoja na wasaidizi wake wawili, yaani node_exporter inayosoma hali ya mashine na Alertmanager inayosambaza tahadhari.

Prometheus ilianza mwaka 2012 ndani ya SoundCloud, kampuni ya muziki wa mtandaoni, na mwaka 2016 ikapokelewa na Cloud Native Computing Foundation, taasisi inayolea programu huria, kama mradi wake wa pili baada ya Kubernetes, mfumo wa kusimamia makontena, kwa hiyo haitegemei uhai wa kampuni moja. Grafana iko chini ya Grafana Labs, ambayo mwaka 2021 ilihama kutoka leseni ya Apache 2.0 kwenda AGPLv3, inayomtaka anayeirekebisha programu na kuitoa kama huduma ya mtandaoni aweke wazi msimbo wake. Ofisi inayoitumia kwa mambo yake ya ndani haiguswi na badiliko hilo. Anayekusudia kuirekebisha na kuwauzia wengine kama huduma aisome leseni kwanza.

Usimikaji wenyewe ni mwepisi. Huandikwa faili moja ya Compose, hutolewa amri ya docker compose up -d, na imeji (vifurushi vya programu ambavyo makontena huundwa kutokana navyo) zikishapakuliwa Prometheus hujibu kwenye poti 9090 na Grafana kwenye poti 3000. Wengi hukwama hatua inayofuata. Mtu hufungua Grafana, huongeza chanzo cha data na kuandika http://localhost:9090, kwa kuwa ndiyo anwani iliyofunguka kwenye kivinjari chake, kisha hushangaa kuona muunganisho umekataliwa. Ndani ya kontena, localhost ni kontena lenyewe wala si seva iliyolibeba. Anwani inayotakiwa ni http://prometheus:9090, yaani jina la huduma kama lilivyoandikwa kwenye faili ya Compose. Kikwazo kingine ni ruhusa za mafaili. Grafana huendeshwa na mtumiaji namba 472 na Prometheus namba 65534, kwa hiyo folda iliyoundwa na root, mtumiaji mkuu wa mashine, ikiunganishwa nazo moja kwa moja, kontena hushindwa kuandika, huzima, huwaka tena na kuzima. Anayetumia volyumu, yaani hifadhi zinazosimamiwa na Docker yenyewe, huepukana na adha hiyo yote.

Suala la usalama linastahili ukali zaidi kuliko linavyopewa katika miongozo mingi ya haraka. Docker huandika kanuni zake moja kwa moja kwenye iptables, kichujio cha mtandao cha Linux, hivyo poti iliyotangazwa kama 9090:9090 huweza kufikiwa kutoka nje hata kama ufw, ngome ya mtandao inayotumiwa na wengi, imeagizwa kuifunga, na Prometheus haiombi neno la siri mpaka uiwekee. Poti hiyo iandikwe 127.0.0.1:9090:9090, ili ifikiwe kutoka ndani ya seva tu. Grafana nayo huanza na admin kama jina na admin kama neno la siri. Inakuomba ubadilishe neno hilo, lakini pia inakuruhusu kuruka hatua hiyo, jambo ambalo kwa maoni yangu halikupaswa kuruhusiwa.

Kuhusu node_exporter, sioni sababu ya kuiweka ndani ya kontena. Kazi yake ni kuichungulia mashine nzima, wakati kontena limeundwa kuizuia programu isichungulie nje, kwa hiyo hulazimu kuiunganishia mizizi ya diski, mtandao na michakato ya mashine ili itoe takwimu za kweli. Kuisimika moja kwa moja kwenye mfumo ni rahisi na hakuna kinachopotea.

Dashibodi ndizo huwavuta watu, na kwa haki. Ukiingiza namba 1860 katika Grafana unapata Node Exporter Full, dashibodi iliyotengenezwa tayari yenye grafu chungu nzima za kichakataji, kumbukumbu, diski na mtandao. Inapendeza ukutani, ila kwa kazi za kila siku imejaa mno. Ningeshauri utengeneze yako yenye grafu chache, mojawapo ikitumia predict_linear, ambayo hutazama mwenendo wa saa zilizopita na kukadiria kiasi cha nafasi kitakachobaki kwenye diski baada ya muda unaoutaja. Diski iliyojaa kwa asilimia 85 na kutulia hapo kwa miezi haihitaji kumkatiza mtu usingizi. Iliyofika asilimia 60 huku ikipanda kila saa inahitaji, na ndiyo tofauti ambayo kiwango kimoja cha kudumu hakiwezi kuionyesha.

Hifadhi si tatizo kubwa. Seva inayotoa mifululizo 1,000 ya vipimo, ikisomwa kila sekunde 15, hutoa vipimo 5,760,000 kwa siku, na kwa kuwa Prometheus hutumia wastani wa baiti moja hadi mbili kwa kila kipimo, hizo hazizidi megabaiti 12 hivi. Bila agizo jingine, data hutunzwa kwa siku 15. Muda huo ni mfupi mno kwa anayetaka kulinganisha mwisho wa mwezi huu na mwezi uliopita, na hurefushwa kwa --storage.tsdb.retention.time.

Alertmanager ndiyo sehemu ninayoithamini kuliko grafu zote, kwa kuwa hakuna anayekaa akitazama grafu usiku kucha. Hutuma kwa barua pepe, Slack na Telegram, na huunganisha tahadhari zinazofanana ili umeme ukikatika fundi asipokee ujumbe wa kila seva peke yake. Kwa ujumbe mfupi wa kawaida wa simu, hata hivyo, haina njia ya moja kwa moja. Hulazimu kupitia mtoa huduma wa ujumbe, kwa mfano kwa webhook, yaani anwani ya mtandaoni inayopokea tahadhari, na mwenye simu isiyo na intaneti vijijini atauona upungufu huo mara moja.

Kuhusu kukatika kwa umeme, agizo la restart: unless-stopped hurudisha makontena yenyewe pamoja na seva, na Prometheus husoma upya faili (write-ahead log) ambamo huandika vipimo kabla ya kuvihifadhi, ili kuokoa vya mwisho. Mfumo mzima pia huendelea kukusanya na kuchora hata intaneti ikikatika, mradi mtandao wa ndani uko hai. Lakini usiuweke kwenye seva ileile inayofuatiliwa, maana itakapozima itazima na shahidi wake. Imeji za arm64, aina ya kichakataji kilichomo kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, zipo, hivyo Raspberry Pi yenye SSD badala ya kadi ya SD yatosha kwa ofisi ndogo. Ongeza kanuni moja ya tahadhari inayolia muda wote, ipelekwe kwenye huduma ya nje iliyoagizwa kukupigia kelele pale tu itakapoacha kuisikia.