Kabla ya kununua gemu yenye tuzo, uliza inahifadhi wapi umeme ukikatika

Malalamiko ya wasomaji, yawe ya Ntinda, Mbale au Arua hapa Uganda, yanafanana kama mapacha. Gemu imesifiwa kila mahali, imenunuliwa kwa pesa ya kubana, imechezwa jioni tatu, sasa iko juu ya kabati inakula vumbi. Mwenyewe anajiona ndiye mwenye kasoro. Wengine huuliza kama ni umri. Lakini ukidadisi ni lini hasa hamu ilimwisha, mara nyingi jibu ni lile lile: umeme ulikatika, akatakiwa kurudia saa nzima aliyokwisha kuicheza, akazima asirudi tena.

Michoro, hadithi na alama za wakosoaji sitazigusa, zimejaa kila mahali. Hapa napanga gemu za PlayStation kwa jambo moja, namna zinavyohifadhi ulipofikia, ambalo wanaotoa tuzo hawalijali, kwa sababu wao hawachezi huku wakitazama namba za Yaka, mita ya umeme wa kulipia kabla, zikishuka.

Kuna aina tatu za kuhifadhi. Ya kwanza, gemu hujihifadhi yenyewe kila mara, ukiokota kitu au ukipumzika. Ya pili, unafungua menyu na kuhifadhi wakati wowote usipokuwa vitani. Ya tatu inakulazimisha ufike mahali maalum: benchi, chumba, kitanda. Hiyo ya tatu ndiyo inayoua hamu hapa kwetu, na boksi halisemi lolote kuihusu. Dukani mwombe muuzaji awashe gemu, aingie katikati ya misheni, abonyeze Options, kitufe cha menyu kwenye padi. Neno Save likiwa limefifia au halipo kabisa, uliza: "Nikizima sasa hivi, nitaanzia wapi?" Asipojua, zimeni na kuwasha hapo hapo. Muuzaji anayekataa kukupa dakika tano hizo hastahili pesa yako.

Jambo jingine linalowaponza wengi ni Rest Mode, yaani kuiacha mashine isinzie bila kuizima. PS4 ikiwaka taa ya rangi ya chungwa, mtu hulala akijua amehifadhi. Hajahifadhi. Gemu imebaki kwenye kumbukumbu inayoishi kwa umeme. Umeme ukienda usiku, nayo imekwenda, na asubuhi utapokewa na ujumbe kwamba mashine haikuzimwa vizuri, kisha ukaguzi wa diski kuu ya ndani. Hifadhi, funga gemu, ndipo uzime kabisa.

1. Elden Ring (2022)

Wengi watashangaa kuiona ya kwanza, kwa kuwa ni miongoni mwa zinazoachwa sana. Naipenda kazi ya FromSoftware na sifichi. Hakuna kampuni inayolinda hatua zako kama hawa. Gemu inajihifadhi mfululizo. Umeme ukirudi unajikuta pale pale ulipokuwa au hatua chache nyuma. Ukipoteza runes, sarafu za ndani ya gemu, umeuawa na adui, si na transfoma ya mtaani.

Wanaoiacha huiacha mapema, na sababu zinajulikana. Ukitoka tu kwenye mlango wa Limgrave, eneo la kuanzia, unamwona mpanda farasi mwenye silaha za dhahabu, Tree Sentinel. Mchezaji mgeni anadhani ni lazima apigane naye. Si lazima. Mzunguke kwa mbali, pitia kwenye miti hadi Church of Elleh, pumzika, endelea kaskazini hadi Gatefront. Ukishapumzika kwenye Site of Grace (vituo vya kupumzikia) tatu za nje, mwanamke aitwaye Melina anakutokea, unapewa farasi Torrent na unaanza kutumia runes kujiongezea nguvu. Ziweke kwenye Vigor, kipimo cha uhai wako, mpaka ifike 20 kabla ya kufikiria kingine. Anayekimbilia upanga mkubwa huku Vigor yake iko chini hufa kwa pigo moja au mawili, kisha anasema gemu imemwonea.

Kasoro yake kubwa ni kwamba haisimami. Hata ukicheza peke yako bila intaneti, ukifungua menyu adui anaendelea kukupiga. Mtoto akilia au mteja akigonga dirisha la duka, umekwisha. Upenyo upo: fungua menyu, ingia kwenye Inventory, bonyeza kibao cha kugusa katikati ya padi, chagua Menu Explanation. Maelezo yakitokea kwenye kioo, kila kitu kimesimama. Jifunze vidole vifanye hivyo bila kufikiri.

Diski ya PS4 inakupa toleo la PS5 bila malipo, kwa hiyo usikubali kuuziwa ya PS5 kwa bei ya juu wakati ya PS4 iko kwenye rafu hiyo hiyo.

2. The Witcher 3 (2015)

Unahifadhi popote usipokuwa vitani. Jiwekee desturi: kila ukimaliza mazungumzo marefu, hifadhi. Wanaoilalamikia husema Geralt, mhusika unayemchezesha, ni mzito, ukimgeuza anazunguka kama lori. Ingia kwenye mipangilio ya uchezaji, tafuta Movement Response, badilisha iwe Alternative. Tofauti utaiona hatua ya kwanza. Ilipotoka maandishi yake yalikuwa madogo mno, wakayakuza kwa maboresho ya baadaye, kwa hiyo diski ya zamani isiyowahi kuunganishwa na intaneti itakusumbua kwenye televisheni ndogo. Nunua tu toleo lenye nyongeza zote mbili kubwa ndani yake: Game of the Year Edition kwa diski ya PS4, Complete Edition kwa ya PS5.

Sababu ya kusema hivyo ni ujanja ambao wauzaji hawauelezi. Diski ya PS4 ina namba inayoanza na CUSA kwenye ubavu wa boksi, na namba hiyo hutofautiana kwa eneo. Nyongeza unayonunua mtandaoni lazima ilingane na eneo la diski. Diski ya Marekani na akaunti ya Uingereza hazipatani, na pesa ya nyongeza uliyokwisha kulipa haitakufungulia kitu.

3. God of War (2018)

Inajihifadhi, na unaweza pia kuhifadhi mwenyewe nje ya vita. Ukiona maandishi hayasomeki, tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kukuza maandishi, nayo ililetwa baada ya gemu kutoka. Asiyeipenda hii, basi kweli hapendi aina hii ya gemu, na hakuna ubaya.

4. Hollow Knight (2017)

Ndiyo ya bei nafuu hapa na ni ndogo kupakua. Ukirudi unaanzia kwenye benchi la mwisho ulilokalia. Wengi huiacha kwa kupotea njia: nunua ramani kwa mchora ramani Cornifer, kisha kwa mkewe Iselda, mwenye duka kijijini Dirtmouth, nunua kalamu na dira iitwayo Wayward Compass. Bila hiyo dira ramani haikuonyeshi ulipo.

5. Red Dead Redemption 2 (2018)

Hapa ndipo pesa nyingi za wasomaji zimezama. Ni kazi kubwa, sibishi. Lakini sura ya kwanza nzima ni theluji ya milima ya Colter, kama saa mbili za kufuata farasi wa mbele, na dunia haifunguki mpaka sura ya pili, kambi ya Horseshoe Overlook. Katika saa hizo huna uhuru wowote, na kila kitu kina mwendo wake: kufungua droo, kuchuna mnyama, kupanda farasi. Asiyependa mwendo huo hatabadilika baada ya saa kumi.

Kisha kuna kuhifadhi. Nje ya misheni unahifadhi kwenye menyu bila shida. Ndani ya misheni huwezi. Ukifa, inakurudisha karibu. Umeme ukikatika, vituo vyote ulivyopita vimefutika na misheni inaanza upya, na misheni nyingine hufika nusu saa au zaidi. Kwa mtaa wenye umeme wa kubahatisha, hilo peke yake linatosha kuishusha hapa. Ukishaamua kuinunua, hifadhi kila mara kabla ya kukaribia alama ya misheni ya njano.

Ya PS4 ina diski mbili, moja ya data na moja ya kuchezea, na boksi linataka nafasi isiyopungua GB 105. Fungua boksi la mtumba dukani, hesabu diski mbele ya muuzaji. Diski ya kuchezea peke yake haisakinishi kitu. Usitegemee kuziba pengo kwa bando: tangu Julai 2021 kila bando la data lina ushuru wa asilimia 12 juu yake, na gemu ya ukubwa huu unailipia mara mbili, dukani na hewani.

6. Persona 5 Royal

Ndani ya Palace, yaani majumba ya maadui, unahifadhi kwenye vyumba salama tu, na kati ya chumba na chumba kuna mapigano mengi. Mwanzo wake ni saa kadhaa za kusoma mazungumzo kabla hujaachiwa kupanga siku zako mwenyewe. Nzuri sana kwa mwenye sola na betri nzuri.

7. Returnal (2021)

Ilishinda tuzo ya gemu bora ya BAFTA, tuzo za Uingereza, mwaka 2022. Ilipotoka haikuwa na njia yoyote ya kuhifadhi katikati ya safari, yaani jaribio moja tangu mwanzo hadi kufa. Ilibidi mpaka Oktoba 2021 ndipo ikaongezwa Suspend Cycle, ya kusimamisha safari na kuiendeleza baadaye. Hata hiyo hufanya kazi ukiichagua mwenyewe kabla ya kuzima. Umeme hauombi ruhusa, safari ya saa mbili inapotea. Bei yake ya kutoka ilikuwa dola 69.99, kama shilingi 250,000 za kwetu. Kwa pesa hiyo, hapana.

Mwenye kutaka za nafasi ya tano hadi ya saba anunue kwanza UPS, betri inayoshika umeme ukikatika. Ya 650VA inabeba PS4 Slim na televisheni ya inchi 32 kwa dakika kadhaa, zinazotosha kufika mahali pa kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Chomeka mashine na televisheni pamoja. Wengi huchomeka mashine tu, kisha wanabaki na gemu inayocheza gizani bila kioo. PS5 inakula umeme takriban mara mbili ya Slim, kwa hiyo dakika zako ni chache zaidi.

Na kila Jumapili nakili hatua zako. Kwenye PS4: Settings, Application Saved Data Management, Saved Data in System Storage, Copy to USB Storage Device. Flashi ya GB 8 inatosha. Kwenye PS5 unaweza kunakili hivyo za gemu za PS4 peke yake. Za PS5 hazinakiliki hivyo kwenye flashi, zinakwenda mtandaoni, kwa wanaolipia PlayStation Plus, na Uganda haimo kwenye nchi unazochagua ukifungua akaunti. Mchezaji wa Kampala anajiandikisha kama mkazi wa nchi nyingine ili alipie kutunza hatua zake mwenyewe, ambazo flashi ingezitunza bure kama ingeruhusiwa.